Mlo wa Mwaka wa Tatu



Swali ninaloulizwa kuliko yote, kliniki na hata msibani, ni hili: nile nini nipungue? Muulizaji huwa tayari ana orodha mfukoni. Ameambiwa akate wanga, au anywe maji ya limau na tangawizi alfajiri, au ale mara moja tu kwa siku, naye anataka nimchagulie. Jioni ya leo nitajibu kwa swali ambalo wauzaji wa orodha hizo hawaliulizi. Mlo huo utakuwa bado unaula mwaka wa tatu? Na kama ndiyo, nani atakuwa anaupika?

Swali hili si la watu wachache wa mjini wenye nafasi. Nchini Kenya, utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi kiasi. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 45. Tanzania tulikuwa asilimia 28 mwaka 2015-16, tukafika 36 mwaka 2022. Wanaofuata nyuma ya namba hizo, kisukari na shinikizo la damu, mnawajua kwa majina ya jamaa zenu.

Nianze na wenzetu waliopima. Mwaka 2018 Christopher Gardner na timu yake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu wazima 609 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipunguza mafuta, nusu wakapunguza wanga. Baada ya miezi kumi na miwili, wa mafuta walikuwa wamepungua wastani wa kilo 5.3 na wa wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Walitarajia kwamba jeni za mtu, au namna mwili wake unavyotoa insulini, zingeonyesha nani anafaa mlo upi. Hazikuonyesha. Lakini tazameni ndani ya kila kundi: kulikuwa na aliyepungua karibu kilo 30 na kulikuwa na aliyeongezeka karibu kilo 10, wote wakifuata maelekezo yale yale. Ugomvi wa wanga na mafuta, unaotumalizia vifurushi vya intaneti kila siku, ni ugomvi wa gramu 700. Tofauti kubwa iko kati ya mtu na mtu.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Sehemu yake ilionekana Boston mwaka 2005, pale Michael Dansinger alipowapa watu 160 milo minne iliyokuwa ikivuma Marekani. Jina la mlo halikusema mengi kuhusu nani atapungua. Kilichosema ni kiwango cha kuushika mlo, na ile milo miwili mikali zaidi ndiyo iliyoachwa na karibu nusu ya waliopewa kabla mwaka haujaisha.

Najua hapa ukumbini kuna waliokata wanga wakapungua kilo mbili au tatu kwa wiki moja, na sasa wananitazama kwa mashaka. Siwakatalii. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama gramu 400 hadi 500 hivi, na kila gramu hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ukiacha ugali na wali, akiba ile inatumika na maji yake yanakwenda na mkojo. Mizani inashuka kweli, ila kilichoondoka kwa sehemu kubwa ni maji, na sahani ya kwanza ya pilau harusini inayarudisha. Mtu anajilaumu kwamba ameharibu kila kitu, kumbe mafuta ya mwilini hayakuguswa sana, si kwa kwenda wala kwa kurudi.

Kuna jambo zito zaidi. Mwili ukipungua haukai kimya. Mwishoni mwa mwaka 1944, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwakusanya vijana 36 wenye afya waliokataa kupigana vita kwa sababu za dhamiri. Kwa wiki 24 aliwalisha takriban kilokalori 1,570 kwa siku, viazi na mikate kwa wingi, ili kuelewa njaa iliyokuwa ikiitesa Ulaya. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Waliota chakula, wakalamba sahani, wakakusanya vitabu vya mapishi, hao ambao kabla ya hapo hawakujali jikoni. Walipoachiwa wale, wengi walikula mpaka wakapita walipoanzia. Sasa linganisheni: kilokalori 1,570 zilizoitwa njaa wakati ule ni nyingi kuliko zile 1,200 ambazo vijikaratasi vyetu vya "kukata tumbo" humpangia mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni.

Kevin Hall, wakati huo akiwa katika taasisi za taifa za afya za Marekani, alionyesha mwaka 2016 kwamba deni hili, yaani mwili kudai kilichopotea, hukaa muda mrefu. Aliwafuatilia washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito. Walikuwa wamepungua wastani wa kilo 58; miaka sita baadaye kilo 41 zilikuwa zimerudi, na miili yao ikiwa imepumzika ilichoma kama kilokalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Tukisema mtu hana nia, tunasema bila kujua anashindana na nini.

Mazoezi nitayapitia haraka. Herman Pontzer alipima nguvu wanazotumia Wahadzabe kwetu huku, karibu na Ziwa Eyasi, akachapisha mwaka 2012. Wanatembea na kuchimba mizizi kutwa, lakini ukizingatia ukubwa wa miili, matumizi yao ya siku hayakutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Tembeeni kwa ajili ya moyo, usingizi na kisukari, na kwa ajili ya kulinda uzito ulioshuka. Ila msitegemee uwanja wa mazoezi ulipe deni la jikoni.

Basi turudi jikoni. Tafiti nyingi nilizozitaja zinamhesabu mtu mmoja mmoja, kana kwamba kila mtu ana friji yake. Kwetu chungu ni kimoja. Anayeamua mlo ni anayepika na anayetoa hela ya matumizi, na mara nyingi anayetaka kupungua si mmoja wao. Au ndiye mpishi mwenyewe, akajipikia chakula chake pembeni, akapikia wengine chao. Mlo wa namna hiyo una wiki chache za kuishi. Mkaa ni ghali, mwili unachoka, na watoto wanauliza mama anakula nini cha siri. Kwa hiyo hoja yangu yote ya jioni hii ni kwamba kwa familia zetu mlo unaodumu ni ule unaobadilisha chungu cha wote, kidogo kidogo, kiasi kwamba hakuna anayehisi ameadhibiwa.

Nichukue mafuta. Tuseme nyumba ya watu sita inamaliza lita moja kwa siku nne. Lita hiyo ina kama gramu 920, na kila gramu hutoa kilokalori 9, jumla karibu 8,300. Kila mtu anapata takriban 345 kwa siku kutoka kwenye chupa tu, kabla ya kuhesabu hicho kilichokaangwa. Mpishi akiacha kumimina kwa jicho, akapima kwa kijiko, lita ikaenda siku sita, kila mtu anabaki na 230. Zimeondoka 115 kwa kila mlaji, na maharage bado yameungwa.

Sukari vivyo hivyo. Vikombe vitatu vya chai, vijiko vitatu vidogo kila kimoja, ni kama gramu 36, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri, kwa faida zaidi, tusizidi gramu 25 hivi kwa siku. Punguzeni kijiko kimoja kwanza, mkae nacho mwezi.

Kuhusu dona nitakuwa mkweli hata kama wenzangu wa lishe watanuna: gramu kwa gramu, nguvu yake haitofautiani sana na ya sembe. Dona halimpunguzi mtu kwa kuwa ni dona. Linamshibisha mapema kwa sababu ya pumba zake, na faida hiyo inapotea ukimega tonge lile lile kubwa. Kinachobadilisha sahani ni kupunguza ugali kwa ukubwa wa ngumi na kuweka mahali pake mchicha, matembele, mlenda, maharage au dagaa. Kwa mama ntilie sentensi moja inatosha: "Mama, nipunguzie wali, niongezee mboga na maharage." Mara ya kwanza atashangaa. Baada ya wiki atakupakulia kabla hujasema.

Kikwazo ambacho vitabu vya wenzetu havikitaji ni macho ya watu. Ukipungua hapa unaulizwa, "Mbona umeisha hivyo, unaumwa?" Shangazi anaita kikao. Janga la Ukimwi lilitufundisha kuogopa wembamba, na hofu hiyo haijatoka. Anayepungua polepole, nusu kilo kwa wiki au chini yake, huwapa ndugu muda wa kuzoea sura yake, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutokimbia.

Mjamzito na anayenyonyesha wasijaribu haya bila ushauri. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu dozi isiyobadilishwa inaweza kumwangusha.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, nina ombi moja, na nimeliweka mwisho makusudi ili lisijibiwe kwa haraka. Wanafunzi wetu hula kwenye kantini ya chuo siku tano au sita kwa wiki, kwa miaka mitatu au minne. Mzabuni akubaliwe kwa masharti mawili: upawa wa mboga za majani uwe na ukubwa sawa na upawa wa wali kwa bei ile ile, na jagi la maji salama liwe juu ya kila meza, soda ibaki kwa anayeifuata dukani. Gharama yake nimekwisha kuikokotoa, na karatasi ninayo hapa.