Ushirika na Udongo wa Bonde la Suguti

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Suguti)



Nilipopewa nafasi ya kusema nanyi, nilitazamiwa kuzungumza juu ya vitabu vya hesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu. Vitabu nimevikagua tangu juzi, na yahusuyo stakabadhi na daftari la fedha makatibu wenyewe wamekwisha kuyasikia; sitayarudia mbele ya watu. Lakini katika kuvikagua nimekuta jambo lisiloandikwa kwa mkono wa katibu yeyote. Mwanachama yule yule, mwenye ekari zile zile, akipewa mbegu na dawa kwa mkopo ule ule, huleta pamba pungufu mwaka hata mwaka, na deni lake huhamishwa kutoka ukurasa huu hadi ule. Katibu hana kosa, wala mizani haina kosa. Jana jioni nikaomba nipelekwe shambani.

Mashamba mengi niliyoyaona yamekatwa kwa urefu, toka mlimani hata karibu na mto, ili kila mtoto aliyerithi apate kipande cha juu cha mtama na muhogo, na kipande cha bondeni chenye unyevu. Mgawanyo huo ulikuwa wa haki, wala simlaumu mzee aliyeubuni. Lakini shamba lenye upana wa hatua ishirini halilimiki kwa kukinga mteremko, maana ng'ombe wa plau hawajakaza mwendo imewapasa kugeuka. Kwa hiyo mkulima hulima akipanda na kuteremka, na kila mfuo anaoufungua huwa mfereji wa kuyaharakisha maji. Siku hizi mvua huchelewa, kisha huja kwa pigo moja. Wataalamu wa hali ya hewa wanatueleza kwamba kadiri dunia inavyozidi kupata joto, hewa hubeba mvuke mwingi zaidi, nao ukishuka hushuka kwa nguvu. Mvua ya namna hiyo ikikuta mifuo ya kuteremka, udongo wa juu wenye rutuba hauna mahali pa kushika.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya mkulima wa pamba. Wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 nilikuwa kijana wa sekondari. Baba yangu, mtu wa bidii, alikuwa amechimba makinga maji katika shamba lake. Maji yalipozuiwa kwetu yakageuka, yakaingia kwa jirani, yakauchukua muhogo wake wote na kuacha korongo ambalo mpaka leo lipo. Jirani hakwenda barazani kushitaki. Aliacha tu kutuamkia. Kwa miaka kumi na mmoja nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana moto hazikuzikana. Kosa la baba lilikuwa moja, nalo ni kuchimba peke yake.

Ndiyo sababu naleta jambo hili katika kikao cha ushirika, wala simwachii bwana shamba. Kinga maji halijui mpaka wa shamba. Ama lipite katika mashamba ya majirani wote wa mteremko mmoja, ama limpe mmoja nafuu na mwingine msiba.

Najua wako wazee watakaoguna. Wamesimuliwa jinsi Serikali ya kikoloni, katika miaka ya 1940 na 1950, ilivyowalazimisha wakulima wa Jimbo la Ziwa kulima matuta na kupunguza mifugo, na asiyetii akaadhibiwa. Watu walikataa, na amri ilipolegea matuta mengi yaliachwa. Walichukia kuamriwa. Na wakati huo huo watu wa Jimbo hilo hilo walikuwa wakiungana kwa hiari yao kwa sababu ya mizani za wanunuzi wa pamba, hata mwaka 1955 likaundwa shirikisho la ushirika la Viktoria lililoongozwa na marehemu Paul Bomani. Waliokataa amri hawakukataa umoja.

Anayetaka mfano asiende Ulaya. Avuke maji mpaka kisiwa cha Ukara, kule Ukerewe. Wakara, tangu kabla ya mkoloni, walifuga ng'ombe wao ndani ya nyumba, wakakusanya samadi na kuibeba mpaka shambani. Walipanda mmea wa jamii ya marejea katikati ya uwele, kisha wakaufukia uwe mbolea. Walijenga kingo za mawe. Na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Walifanya hivyo kwa sababu kisiwa ni kidogo na hapakuwa na pa kukimbilia. Nisiwafiche: Mkara akihamia bara penye ardhi tele aliiacha kazi hiyo, maana ni nzito. Sisi tulikuwa na pa kukimbilia. Niambieni leo, ni nani hapa mwenye pori la kumpa mwanawe?

Sasa nije kwenye mto, ambako najua ndiko kwenye maneno. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 toka mtoni au ziwani, shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira. Hesabu yake ni hii: kwa kila kilometa moja ya ukingo mmoja, mita 60 ni hekta 6, yaani karibu ekari 15. Si ardhi ndogo. Mjumbe mmoja ameniambia asubuhi kwamba chama kikatae pamba itokayo huko. Sikubaliani naye. Wengi wanaolima ukingoni ni wajane na vijana wasio na kipande cha juu. Pamba yao ikikataliwa itapimwa kwa jina la mtu mwingine. Mto hautapona, na daftari la wanachama litaanza kusema uongo. Nimeliona hilo mahali pengine, na kulisafisha daftari kulinichukua msimu mzima.

Heri chama kipande matete na mikuyu ukingoni, na yule aliyekuwa akilima pale awe wa kwanza kukata majani na kuwauzia wenye ng'ombe wa kufungiwa. Fedha hiyo haitalingana na ya pamba, nami sitasema italingana. Lakini pamba ya ukingoni nayo haina dhamana: mwaka 2020 Ziwa lilipopanda na kupita hata kiwango cha mwaka 1964, mashamba mengi ya kando ya maji yalizama.

Neno juu ya kuni. Sheria inatutaka tung'oe na kuchoma masalia ya pamba ifikapo tarehe 15 Septemba, ili funza asipate pa kujificha. Wengi huyachoma shambani jioni moja, na kesho yake mama anapanda mlimani kukata mgunga. Yachomeni chini ya chungu kabla ya tarehe hiyo. Msiyarundike uani hadi Oktoba, kwa maana funza hatofautishi ua na shamba. Na mlima ukipumzishwa hurudi wenyewe: Shinyanga, tangu mwaka 1986, walihifadhi ngitili zao, na zaidi ya hekta 300,000 zilikadiriwa kurejea uoto, bila kupanda miche mingi.

Naomba basi makatibu waandike, kabla ya Mkutano Mkuu, orodha ya wanachama kwa mteremko na si kwa alfabeti, ili ijulikane nani anapakana na nani. Mteremko mmoja uchaguliwe kwanza, ule ambao majirani wake bado wanasalimiana. Makinga yapimwe na bwana shamba kabla ya plau kuingia, na gharama ijadiliwe na wanachama wenyewe. Mimi sina mamlaka ya kuipanga. Nitakaporudi nitaomba kuiona orodha hiyo pamoja na vitabu vingine.

Ndugu Mwenyekiti, naona mama mmoja pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja ukingo wa mto. Naomba apewe nafasi.