Ukiacha Sigara, Usiogope Kitambi

Mazungumzo ya bwana afya mbele ya kikundi cha kisomo



Leo sikuja kuwaambia kwamba sigara ni mbaya. Hilo mmekwisha kulisikia. Nataka kusema na wale waliokwisha kuacha, na wale wanaotaka kuacha lakini wanaogopa kunenepa.

Hofu hii ipo, tena ina nguvu. Mtu anaacha sigara mwezi wa sita. Mwezi wa tisa suruali haifungi. Wenzake wanamcheka: "Bwana mkubwa, umeota kitambi!" Naye anajiambia, kumbe sigara ilikuwa inanisaidia. Anakwenda dukani ananunua moja. Kesho mbili. Mtu huyo amerudi motoni kwa ajili ya suruali.

Sasa, ukweli ni upi? Ni kweli kwamba wengi wakiacha sigara huongezeka uzito. Mwaka 2012 wataalamu walijumlisha matokeo ya tafiti 62 za watu walioacha. Mwezi wa kwanza waliongezeka kama kilo 1. Baada ya miezi 3 karibu kilo 3. Baada ya mwaka, kati ya kilo 4 na 5. Hicho ni kipimo cha wastani. Katika kila watu 100, watu 16 walipungua, na 13 waliongezeka zaidi ya kilo 10. Kwa hiyo si lazima unenepe, na wengi hawanenepi sana. Tena uzito mwingi huja miezi ile ya mwanzo, halafu mwendo unapungua.

Je, uzito huo unatoka wapi? Ndani ya tumbaku mna kitu kinaitwa nikotini. Kitu hiki huharakisha moyo, na mwili huunguza chakula zaidi kidogo, kama koroboi iliyopandishwa utambi. Ukiacha, utambi unashuka. Mafuta yale yale sasa yanabaki.

Jambo la pili mnalijua hata bila kuambiwa. Unaamka alfajiri, unakwenda shamba bila kula kitu. Saa nne njaa inauma. Unasokota tumbaku yako, unavuta, njaa inanyamaza. (Wengine husokotea gazeti. Jamani, gazeti hili ni la kusoma!) Njaa ile haikuondoka. Imezibwa mdomo tu. Siku ukiacha sigara, inafungua mdomo na kudai. Na ulimi nao unaanza tena kuonja vizuri, pua inanusa mchuzi kutoka mbali. Hapo ndipo mtu anajikuta anakula bila kipimo.

Basi dawa ya kwanza ni kuilisha njaa hiyo kwa wakati wake. Usiende shamba na tumbo tupu. Kunywa uji, au kula kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Mtu aliyekula asubuhi hafiki saa nane akiwa kama simba. Mchana na jioni ongeza mboga na maharage kwenye sahani, sima isiwe mlima. Na tafadhali, usianze kujinyima chakula wiki ile ile unayoacha sigara. Vita viwili kwa mara moja ni vigumu, na mwenye njaa huitamani sigara zaidi.

Kina mama, hapa nawaomba msaada. Mzee akiacha sigara mnafurahi, mnampikia chapati, mnamiminia mafuta. Mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya unga wa uzito ule ule. Yapimeni kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye chupa.

Sukari nayo hujificha kwenye vinywaji. Chupa moja ya soda ya kola ya kawaida, ya mililita 350, ina sukari ya karibu vijiko vidogo 9. Na chai? Hebu tupige hesabu. Vikombe 3 kwa siku, kila kikombe vijiko 4, ni vijiko 12. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Nimeona watu wengi ambao hela ya sigara imehamia kwenye soda na maandazi. Hela hiyo ingenunua dagaa na mafungu ya mchicha.

Mkono uliozoea kupeleka kitu mdomoni utasumbua. Upe mswaki wa mti. Tafuna mswaki, kunywa maji, tembea mpaka kisimani na kurudi. Hamu ya sigara huja kwa nguvu, lakini kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Lakini usihamie kwenye ugoro au tumbaku ya kutafuna. Nikotini ni ile ile. Pombe nayo inanenepesha, tena kilabuni ndipo sigara zinapogawiwa bure.

Wakati wa kulima hamhitaji kufundishwa mazoezi. Hatari iko baada ya mavuno: chakula kipo tele, kazi ni kucheza bao. Wakati huo tembea kwa haraka nusu saa kila siku.

Mtauliza, na kama nimefanya yote na bado nimeongezeka kilo 4? Baki na kilo zako, sigara usiirudie. Waliofuatiliwa miaka mingi baada ya kuacha, hata wale walionenepa, walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliobaki wakivuta. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa moyo inayotokana na sigara hupungua karibu nusu. Na wako waliokonda sana kwa tumbaku na njaa. Kwao kilo 3 ni afya.

Mwenye kisukari amwambie mganga wa zahanati kabla ya kuacha, ili sukari yake ipimwe na dawa ziangaliwe. Na mtu anayekonda huku anakohoa wiki mbili au zaidi asingoje. Aende akapimwe kifua kikuu.

Mizani ni ya zahanati, lakini kamba iko nyumbani. Simama wima, mwenzako akate kamba ya urefu wako, kutoka kisigino hadi utosini. Ikunje mara mbili sawasawa. Sasa izungushe kiunoni, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, uko salama. Zisipokutana, tumbo limezidi, anza na ile sukari ya chai. Pima tena baada ya mwezi. Mama mjamzito hapimwi kwa kamba hii.