Mtu Asiyetamani Chakula: Mazungumzo na Wakulima wa Bonde la Kilombero



Leo sitasema juu ya mistari ya mpunga wala mbolea. Nataka kusema juu ya yule anayebaki nyumbani Ifakara wakati ninyi mmehamia mashambani kuamia ndege: baba mzee, mama aliyetoka kuugua malaria, au ndugu anayemeza dawa za kifua kikuu. Mwamwachia wali sufuria nzima, nanyi mkirudi mwaukuta umechacha. Amekula vijiko vitatu, asema ameshiba. Basi mwampikia uji mwepesi, naye aunywa. Lakini uji mwepesi sehemu yake kubwa ni maji. Tumbo limejaa, mwili haukupata kitu. Hivyo mtu huyo hupungua mwezi kwa mwezi, hata kuinuka kitandani kunamshinda.

Msimlazimishe kula vingi. Ongezeni nguvu ya kila kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti au ya ufuta kina kalori 120 hivi, wala hakijazi tumbo. Karanga zilizokaangwa karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na kama robo ni protini. Twanga, utie vijiko viwili katika bakuli la uji, au katika mchicha na matembele. Samaki wetu wa mto, perege na kambale, wakikaushwa vizuri na kuondolewa miiba, hutwangwa wakawa unga wa kunyunyiza katika mchuzi. Yai nalo lafaa kukorogwa ndani ya uji ungali unachemka, lipate kuiva.

Sasa sikilizeni habari ya kimea. Uji mzito una chakula kingi, lakini mtu dhaifu hauwezi. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilihimiza kimea katika miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto wadogo. Nacho chamfaa mtu mzima vilevile. Akina mama wapikao pombe hawana haja ya kufundishwa na mimi. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, utandaze juu ya gunia safi lenye unyevu na kuufunika siku mbili au tatu mpaka uote. Anika juani ukauke kabisa, sugua mizizi itoke, kisha saga. Usitumie kamwe mbegu iliyotiwa dawa ya dukani.

Pika uji mzito sana. Uutoe motoni, upoe kidogo hata uwe vuguvugu, ndipo utie kijiko kimoja cha kimea na kukoroga. Utaona unalegea mbele ya macho yako, bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke tena, kisha tia karanga zako. Bakuli dogo la uji huo lashinda mabakuli mawili ya ule mwepesi.

Mpeni kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Chai ingoje saa moja baada ya chakula, kwa maana huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, tena hujaza tumbo. Na mtu aketi naye: mzee alaye peke yake huacha sahani mapema.

Lakini mtu akikohoa wiki mbili, au akikonda bila sababu, au akiwa na homa, msikae na bakuli la uji mkingoja. Mpelekeni kituo cha afya, au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara.

Karanga hizo zitoke wapi? Kipande cha mwinuko chenye udongo wa kichanga, pasipofikiwa na mafuriko, chatosha nyumba moja. Zing'oeni zikikomaa, zikaushwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu. Zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu, tupeni. Wala msimpe kuku.  Mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na karanga hushikwa na sumu hiyo hiyo. Kupika hakuiondoi. Zilizo safi wekeni debe moja kando, na mpunga wa kula pia, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake.