SOMO LA AFYA: MIGUU INAYOWAKA MOTO

Leo tutazungumza habari za miguu inayowaka moto usiku. Wako wanaosema ni kurogwa. Huenda ni kisukari. Sukari ikizidi katika damu miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, na unene huongeza hatari hiyo.

Tena, matumboni mwetu mna vijidudu vingi, wala si vyote adui. Hula yale makapi tusiyoweza kuyasaga: ya dona, ya maharage, ya mboga. Sembe nyeupe huviachia kidogo tu. (Msicheke, dona si chakula cha umaskini.) Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani waliwatia panya wanene vijidudu vya panya wembamba, na maumivu yao yakapungua. Kwa binadamu dawa hiyo bado haijathibitishwa.

Basi usingoje. Nenda zahanati ukapimwe sukari. Kila jioni tazama nyayo zako, maana mguu wenye ganzi hausikii mwiba. Wala usiukande kwa maji ya moto, utaungua bila kujua.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: dona, maharage, nyayo, zahanati. Mwalimu wa darasa atasahihisha.