Wazee nao washike kamera

Juma lililopita nilikwenda kuhani Magomeni. Marehemu alikuwa bibi wa miaka 80 na ushei. Matanga yalipoanuliwa, wajukuu walifungua kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda chake. Limejaa picha. Mabwana wenye suti mbele ya pazia la studio, maharusi, mtoto aliyekalishwa juu ya stuli analia. Huyu nani? Na huyu? Watu wakatazamana. Aliyewajua wote ndiye tuliyetoka kumzika.

Tangu siku hiyo najiuliza: kwa nini mitaa yetu isiwe na vilabu vya wazee vya kupiga picha?

Najua wapo watakaocheka. Tumezoea mzee apigwe picha, si apige. Harusini anawekwa kiti cha mbele, anaambiwa, "Bibi, tazama hapa," basi. Picha yenyewe haioni tena, imebaki ndani ya simu ya mtu. Zamani tungesema ni gharama. Filamu ya picha 36 ilinunuliwa, ikapelekwa kusafishwa, na zilizoungua ukazilipia vilevile. Leo simu zenye kamera zimo katika nyumba nyingi, na picha iliyoharibika inafutwa bure.

Klabu hii haihitaji mfadhili wala semina. Tumeona vikundi vinavyoanza na katiba, muhuri na mwenyekiti, vikafa kabla ya kazi. Baraza moja linatosha, watu sita au saba, simu mbili tatu, na siku moja ya wiki. Wakutane asubuhi au alasiri, maana jua la saa sita huacha macho ya mtu gizani. Mkono unaotetemeka uegemezwe ukutani au mezani. Simu nyingi pia zinaweza kuhesabu sekunde chache zikapiga zenyewe. Kijana wa kuelekeza anatakiwa, ila kwa sharti moja: asimpokonye mzee simu. Hiyo "lete nikufanyie, babu" ndiyo inayoua somo.

Kazi ya kwanza iwe makopo ya biskuti. Kila mmoja alete picha moja ya kale, aipige kwa simu kivulini ili isimeremete, aseme ni nani, wapi na mwaka gani kwa kukisia. Kijana aandike. Nyuma ya picha yenyewe majina yaandikwe kwa penseli laini, kwani wino hupenya.

Kisha watoke mtaani. Kule Zanzibar, Capital Art Studio ilianza kupiga watu picha mwaka 1930, kazi iliyoanzwa na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe. Ni hazina. Lakini studio popote ilipo humpata mtu akiwa amevaa nguo ya sikukuu. Nani aliyepiga uani, mbuzi ya nazi, foleni ya bombani? Hapa Kariakoo nyumba za Kiswahili, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, zinazidi kupisha maghorofa. Soko lenyewe liliungua Julai 10, 2021. Mzee anayejua kona ile lilikuwa duka la nani atasimama mahali ambapo kijana atapita bila kugeuka.

Heshima isisahauliwe. Wapo wasiopenda kupigwa picha, kwa dini au kwa hiari yao tu, waulizwe kwanza. Na picha za barazani zisirushwe mitandaoni bila wenyewe kukubali.

Juzi nilimweleza haya mzee jirani yangu. Akatoa simu mfukoni, nzuri kuliko yangu. Nikamwambia, "Basi mzee wangu, anza leo, nipige mimi." Akacheka.

"Namba ya kuifungulia anayo mjukuu," akasema. "Na leo yuko shule."