Uchungu wa Mjamzito na Ukawiaji wa Sheria



Tarehe 11 Novemba 2002, Alyne da Silva Pimentel, Mbrazili mwenye asili ya Kiafrika, mwenye umri wa miaka 28 na mimba ya miezi sita, alifika katika kituo cha afya cha binafsi mjini Belford Roxo, karibu na Rio de Janeiro. Alikuwa na kichefuchefu na maumivu makali ya tumbo. Daktari akampa dawa ya kichefuchefu na vitamini, akamrudisha nyumbani. Vipimo vya damu na mkojo vikapangiwa siku ya tarehe 13. Aliporudi, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni.

Baada ya kujifungua maiti, zilipita saa 14 ndipo akafanyiwa upasuaji wa kuondoa mabaki ya kondo. Akatokwa na damu nyingi. Akangoja saa 8 kuhamishwa, na hospitali aliyopelekwa haikuwa na kitanda, wala hati za matibabu yake hazikuletwa. Mama yake mzazi alipozifuata kituoni, aliulizwa anazitakia nini! Tarehe 16 Novemba Alyne alifariki, akaacha binti wa miaka 5.

Februari 2003 familia ilifungua shauri la madai. Hapo sheria nayo ikaiga mwendo wa kile kituo: miaka ikapita pasipo hukumu. Mwaka 2007 mama wa marehemu aliishitaki Brazil mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kukomesha Ubaguzi Dhidi ya Wanawake. Kwa kawaida Kamati haipokei lalamiko ambalo halijamalizwa na mahakama za nchini, ila pale zinapokawia kupita kiasi.

Serikali ya Brazil ilijitetea kwamba kifo hicho hakikutokana na uzazi, na kwamba kituo kilikuwa cha binafsi. Mwaka 2011 Kamati ilizikataa hoja zote mbili. Hiyo ya pili yawahusu hasa watumishi wa umma: Serikali yaweza kumwachia mtu binafsi kazi ya kutibu, lakini wajibu wa kumkagua haumtoki. Kamati si mahakama wala haina madalali wa kukamata mali. Hata hivyo, mwaka 2014 Brazil ilimlipa mama huyo fidia. Zaidi ya miaka 11 ilikuwa imepita.

Tanzania iliridhia Mkataba huo mwaka 1985 na kujiunga na Itifaki yake ya Hiari mwaka 2006, hivyo mlango huo uko wazi kwa raia wake pia. Lakini safari huanzia nyumbani. Baraza la Madaktari laweza kumwadhibu daktari mzembe, lakini fidia hudaiwa mahakamani, tena ndani ya miaka mitatu; na anayeishitaki Serikali sharti kwanza atoe notisi ya siku 90. Familia iliyofiwa haina moyo wa kuhesabu siku hizo, jambo linaloeleweka. Ndiyo maana mwalimu au karani wa kijijini, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kuombwa ushauri, yampasa aulize mapema: nakala ya faili la mgonjwa iko wapi, na nani ameiomba kwa maandishi?