SIKU YA 91 TEJA ANAKWENDA WAPI?

Wasela, kaka zangu, wadogo zangu, na wewe uliyeshika gazeti hili kijiweni huku mwenzio anakuchungulia begani akisubiri ukurasa wa michezo: salaam.

Mimi nilikuwa teja. Sisemi kwa kujivuna. Nasema ili usinikatize baadaye kuniuliza haya nimeyasoma wapi. Unga niliuonja nikiwa konda wa daladala. Nikauvuta, nikaishia kwenye sindano. Wakongwe wa maskani wanasimulia kwamba ule wa kahawia ulikuwa wa kuvuta. Ulipoingia mweupe, mwishoni mwa miaka ya 90, unaoyeyuka upesi kwenye maji, ndipo sindano zikatapakaa. Sindano moja ikazunguka kwa watu wanne, na ukimwi ukazunguka nayo.

Nyumbani wakauza kabati na cherehani, wakanipeleka soba, yaani nyumba ya upataji nafuu. Siku 90. Nikanenepa, nikasali, nikapigwa picha. Siku ya 91 nikaamka alfajiri sina pa kwenda. Tajiri wangu wa zamani akaniambia gari lake si wodi. Mama, Mungu amlinde, alikuwa anaficha hata masufuria. Mahali pekee walipofurahi kuniona ni maskani. Haikupita wiki mbili nikaokotwa chooni bomba likiwa bado mkononi. Nilijidunga kipimo changu kile kile cha zamani, kumbe mwili ulishakisahau. Sikia hapo vizuri, ndugu yangu: anayetoka kusafishwa ndiye aliye karibu zaidi na kaburi kuliko teja wa kila siku.

Nimlaumu nani? Soba haikunidanganya, ilifanya kazi yake. Kosa ni la mpango mzima. Uraibu unatibiwa kama mguu uliovunjika: funga plasta, kata plasta, kwaheri ya kuonana. Wakati mwendo wake ni wa kisukari. Nani amewahi kumwambia mgonjwa wa kisukari umepona, usirudi tena hapa?

Haki isemwe hata kwa serikali tunayoisema kila wiki. Februari 2011 Muhimbili ilifungua kliniki ya methadone, Mwananyamala na Temeke zikafuata, na Zanzibar nako ikafika. Dawa ya maji, unakunywa mbele ya muuguzi, bure. Arosto inakata kutwa kucha, na mtu anapata nafasi ya kufikiria jambo jingine. Mimi ndiyo iliyonirudisha. Ukisikia mtu anasema hao wamebadilishiwa unga kwa unga, jua huyo hajawahi kuamka na arosto.

Lakini dawa ya kila siku ni nauli ya kila siku, Jumapili na Iddi mosi imo. Bosi gani anamvumilia kibarua anayefika saa nne kila asubuhi? Nimewaona wanaacha dawa, si kwa kuupenda unga, bali kwa kukosa daladala mbili za kwenda na mbili za kurudi. Tena kliniki hizi zilianzishwa kwa msaada wa fedha za Marekani. Januari 2025 wakubwa wa huko waliposimamisha misaada, sisi kwenye foleni tulitazamana. Roho yako inaning'inia kwenye saini ya rais usiyempigia kura!

Basi tuige na lililo jema kwa hao hao. Mwaka 2002 jimbo la Connecticut, kupitia kamishna wake wa afya ya akili na uraibu, Thomas Kirk, lilitoa sera kwamba huduma zote za jimbo zielekezwe kwenye kupona na kuishi, si kulazwa na kuruhusiwa tu. Waliopona wakakaa mezani na madaktari kupanga. Chama chao kikafungua vituo mitaani, ambako aliyetoka hospitali jana anakuta watu wa aina yake na msaada wa kutafuta kazi na chumba. Wakaongeza jambo la bei ya vocha: aliyepona anampigia simu aliyetoka juzi, mara moja kwa wiki, kumuuliza ameamkaje. Akiteleza anavutwa arudi. Hafukuzwi.

Hilo nalo linahitaji mfadhili? Zanzibar na Bara tunao waliopona, kwa zaidi ya miaka kumi sasa wanaendesha soba wenyewe, wengine kwa michango ya misibani. Wakae mezani. Fungu lao liandikwe kwenye bajeti, mwaka hadi mwaka. Dozi za kubeba nyumbani kwa aliyetulia ziwe haki yake, zisiwe hisani ya muuguzi. Dada zetu wapate nyumba zao, maana za wanaume ndizo nyingi. Na askari asimvizie mtu njiani kwenda kunywa dawa.

Mnakumbuka Februari 2017, majina ya wasanii na wanasiasa yakisomwa hadharani. Kamera zilikuwa nyingi. Vitanda nani alivihesabu? Kumsoma mtu jina ni kazi ya dakika moja. Kumtafutia kazi ya kuosha magari ni kazi ya miezi, na haina waandishi wa habari.

Wengine mnasema hawa ni wezi, wameiba simu zenu. Kweli, tumeiba. Mimi niliiba redio ya baba yangu siku ya tanga lake. Nikupe nini uniamini? Sina. Njoo tu uone.

Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa foleni. Mwenye ndugu anayetaka kuacha amlete, hata akiwa hajaoga. Wa mbali tutamchangia nauli ya kwenda. Ya kurudi tutajua huko huko.